Saa ya fundi mdogo wa Ulaya: kabla hujalipa, uliza nani ataifungua

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mpwapwa. Miaka miwili sasa naweka akiba ninunue saa moja nzuri ya mkono, moja tu, nizeeke nayo. Nimeona mtandaoni ya mtengenezaji mdogo wa Ulaya, wanasema karakana nzima ni watu wanne. Kasha ni la chuma kilichorejelezwa, mkanda ni wa maganda ya tufaha, mashine ni otomatiki, haina betri. Pamoja na kusafirisha inafika kama shilingi milioni moja na laki sita. Wenzangu ofisini wananishangaa, wanasema saa ya elfu ishirini pale stendi inaonyesha wakati uleule. Je, haya madai ya kutunza mazingira yana ukweli? Ikiharibika, huku kwetu nani ataitengeneza? Halafu nyumbani nina Seiko ya marehemu baba aliyoinunua 1999, imesimama tangu 2011, sijui kama ina thamani yoyote.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nimekaa na barua yako wiki nzima. Umeuliza mambo matatu, na lile la katikati, nani ataitengeneza, ndilo linaloyabeba mengine. Nianze nalo.

Kuna kijana alinijia benchini hapa Dodoma mjini, kiangazi, na saa ya mbao. Aliagiza nje kwa kampuni ndogo, jina naliacha, na ndani ya boksi kulikuwa na kadi inayosema kila saa inayouzwa hupandiwa mti. Saa ilikuwa nzuri machoni, sikatai. Lakini ukame wa kwetu ulikuwa umeshaifanyia kazi: ufa mwembamba kama uzi ulipita kwenye kasha kutoka kwenye mbili hadi kwenye nne. Mishale imesimama. Nikaigeuza kutafuta skrubu, hakuna. Nikatafuta pengo la kuingiza kisu cha kufungulia, hakuna. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Niliipasha moto kidogo, nikakata gundi polepole kwa wembe, na pamoja na uangalifu wote mbao ikaachia kipande. Ndani mlikuwa na mashine ndogo ya betri ya bei nafuu iliyobanwa kwa plastiki, nayo haikuwa na kosa lolote. Betri tu ndiyo iliyokwisha. Kijana akawaandikia wenye kampuni. Walijibu kwa adabu kwamba hawauzi makasha, ila watampa punguzo akinunua nyingine. Saa ile iliishi mwaka mmoja na nusu, ikafa kwa sababu ya betri ya shilingi elfu chache.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama saa fulani inatunza mazingira, naigeuza kwanza nione inafungukaje. Mbao, plastiki ya baharini, chuma kilichorejelezwa, hayo ni maelezo ya siku ilipozaliwa. Uzito wa jambo uko kwenye miaka itakayoishi, na miaka hiyo iko mikononi mwa fundi atakayeifungua.

Chukua hicho chuma. Kasha la saa ya kawaida lina uzito wa gramu hamsini hivi. Boksi litakaloileta Mpwapwa huenda likawa zito kuliko kasha lenyewe. Tena chuma kisichoshika kutu, kile cha daraja la 316L ambacho wengi hutumia, kwa kawaida huyeyushwa pamoja na chakavu, kwa sababu nikeli na kromiamu iliyomo ni mali na viwanda haviitupi. Kwa hiyo mtengenezaji wako huenda anasema kweli tupu, na wapo wanaofanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa kwa kufuatilia chakavu chao kilitoka kiwanda gani. Mimi nawaheshimu. Lakini kati ya saa ya chuma kipya inayoishi miaka arobaini na saa ya chuma kilichorejelezwa inayoishi mitatu, sihitaji kikokotoo.

Wenzako wa ofisini nao tuwatendee haki. Kuhusu wakati wanasema kweli. Ndani ya saa ya betri kuna kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya elfu ishirini itakosea sekunde chache kwa wiki, wakati ya otomatiki ya milioni moja na nusu inaweza kukosea kiasi hicho kwa siku moja. Seiko walipoingiza sokoni saa ya mkono ya kwatzi mwaka 1969, suala la usahihi liliisha, na saa za kutia ufunguo hazijawahi kurudi mbele.

Tatizo la saa ya elfu ishirini ni maisha inayoishi baada ya kununuliwa. Betri yake ikiisha, mara nyingi inawekewa nyingine kutoka kwenye kadi ile ya betri kumi kumi. Ukichukua lenzi usome maandishi madogo mgongoni mwake, utaona yanaanza na herufi LR au AG. Hizo ni za alikali. Inayotakiwa kwenye saa nyingi huanza na SR, yenye oksidi ya fedha, kama ile ya SR626SW. Kwa umbo ni mapacha, zinaingia shimo moja. Lakini volti ya alikali hushuka taratibu kadiri inavyotumika, na ikizeeka ndani ya saa huvuja. Nafungua saa kama hizo kila wiki: unga wa kijani na mweupe umetambaa kutoka kwenye betri hadi kwenye waya wa koili, ambao ni mwembamba kuliko unywele, na ukishaliwa hapo mashine imekwisha. Mwenye saa anatikisa kichwa, anaitupa, anakwenda kununua nyingine. Zidisha kwa mji mzima na utajua kinachopelekwa dampo la Chidaya. Kwa hiyo hata usipofuata neno jingine lolote humu, ukienda kubadilisha betri mwambie fundi akuonyeshe mgongo wa betri kabla hajaiweka.

Na kama shida yako ingekuwa saa isiyokusumbua tu, ningekuelekeza kwenye saa ya mwanga wa jua. Citizen walitoa ya kwanza ya mishale mwaka 1976, na leo zipo za kampuni kadhaa kwa bei chini ya nusu ya bajeti yako. Jua la Dodoma linazitosha na kubaki. Betri yake ya kuchajiwa hukaa miaka mingi sana kabla ya kubadilishwa. Nazitengeneza, nazipenda. Ila wewe hukuandika ukitaka isiyokusumbua. Uliandika ukitaka moja ya kuzeeka nayo, ya mtu unayeweza kumjua, na hiyo ni hamu nyingine ambayo naielewa vizuri maana ndiyo iliyoniweka kwenye hili benchi.

Sasa huyo mtengenezaji mdogo ni nani hasa? Neno hilo limebeba watu wa aina mbili. Wapo wachache wanaotengeneza karibu kila kipande kwa mikono yao. Svend Andersen na Vincent Calabrese waliunda jumuiya yao huko Uswisi mwaka 1985 ili mafundi wa namna hiyo wasimezwe na makampuni. Yupo Philippe Dufour kule Vallée de Joux, yupo Roger Smith kwenye kisiwa cha Man, ambaye karakana yake hutoa saa chache tu kwa mwaka. Saa moja ya hao ni bei ya nyumba Area C na bado hujapata foleni. Huyo wako si wa kundi hilo, kwa bei hiyo haiwezekani, na wala si aibu. Wa kundi la pili huchora saa wenyewe, huagiza makasha na nyuso kwenye viwanda vya wengine, hununua mashine iliyokamilika kutoka kwa mtengenezaji mkubwa, kisha huunganisha, hurekebisha mwendo na kupima kabla ya kutuma. Hiyo ni kazi halali na ikifanywa vizuri saa inakuwa bora kweli. Kosa huanzia pale wanapoficha.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao liwe fupi: mashine yake inaitwaje? Taka jina na namba, usikubali "mashine bora ya otomatiki" ikaishia hapo. Wakikujibu NH35, hiyo ni ya Wajapani wa kundi la Seiko, vito 24 (vijiwe vigumu vinavyoshika ncha za magurudumu yake), mitikisiko 21,600 kwa saa, ikijaa inatembea saa 41. Maana yake ukiivua Ijumaa saa kumi na mbili jioni ukaiacha kabatini, itasimama Jumapili kama saa tano asubuhi. Wakisema Miyota 9015 au 9039, hiyo ni ya upande wa Citizen, nyembamba zaidi na mitikisiko yake 28,800. Wakisema Sellita SW200, ni ya Uswisi, imejengwa kwa ramani ya ETA 2824, mashine nyingine ya Uswisi ambayo fundi saa yeyote aliyefundishwa sawasawa ameshaifungua. Mashine hizi zote nimezishika. Vipuri vyake vinaagizika, na ikibidi, mashine nzima ya NH35 inanunulika kwa dola zisizofika mia moja, nikaiweka asubuhi ukaondoka nayo mchana.

Wakikujibu kwa fahari kwamba mashine ni ya kwao wenyewe, hapo ndipo ningesita. Najua inasikika kinyume, kwa kuwa wapenzi wa saa hushangilia mashine ya nyumbani. Kampuni kama Nomos ya Glashütte, Ujerumani, wanatengeneza mashine zao na wanajua wanachofanya, lakini ni kampuni imara yenye idara ya matengenezo. Karakana ya watu wanne inaweza kufungwa. Mmoja akiugua, mwingine akipata kazi mjini, imekwisha. Wakiondoka na mashine yao, wewe Mpwapwa umebaki na chuma kizuri. Wakiondoka huku ndani mna NH35, hutaona tofauti.

Swali la pili: kifuniko cha nyuma kinafungwaje, na mnauza vipuri kwa mtu binafsi au kwa fundi wa nje? Kifuniko cha kuzungusha au cha skrubu nne ni sawa. Raba zake, kioo, kichwa cha pembeni cha kutilia ufunguo, mishale, hivyo ndivyo vya kwao pekee ambavyo sitavipata kwingine. Mtengenezaji mwenye nia njema atakuambia bei ya kila kimoja, na wengine hata hukubali kukuwekea raba na kioo cha akiba ndani ya boksi kwa dola kadhaa. Omba hivyo. Ni raba mbili na kioo kimoja, lakini ndivyo vitakavyokuvusha mwaka wa kumi na tano.

Hapa ndipo mdogo anapomshinda mkubwa. Mwaka 2018 shirika la mazingira la WWF la Uswisi lilizipima kampuni kubwa 15 za saa na vito za huko, na nyingi hazikuwa na taarifa za kutosha hata kuonyesha malighafi zake zinatoka wapi. Kampuni kubwa ukiiandikia unajibiwa na mtu wa mapokezi. Karakana ya watu wanne ukiwaandikia Jumatatu, Jumatano anakujibu yule aliyeikaza ile skrubu. Asipojibu wakati hujalipa, jua atakavyokuwa baada ya kulipa.

Usiyumbishwe na maneno ya usoni. "Swiss Made" ni neno lenye sheria: tangu Januari 2017 inatakiwa angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza iwe ya Uswisi, yaani arobaini inaweza kutoka popote. "Imetengenezwa kwa mkono" haina kipimo chochote.

Sasa vumbi. Hili watu wa Ulaya hawatakuambia kwa sababu hawaliishi. Mkoa wetu umekaa juu ya mawe ya granaiti, unayaona kila kilima, na granaiti ikisagika inaacha chembe za kwatzi. Vumbi linalopepea Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba limejaa chembe hizo. Kwa ugumu, kwatzi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, kioo cha kawaida cha saa ni chini ya hapo. Kwa hiyo ukifuta saa kwa ncha ya shati ukiwa umetoka barabarani, unaipiga msasa. Nimeona nyuso za saa zilizokuwa na ukungu wa mikwaruzo baada ya misimu miwili. Yakuti ya kutengenezwa, ambayo mtandaoni wataiita safaya, ni 9, vumbi letu haliigusi. Kama saa hiyo ina kioo cha safaya, hapo wamekufaa. Kama ni ya akriliki, kile kioo cha plastiki ngumu, itakwaruzika haraka lakini husuguliwa ikarudi kwa dawa ya meno na kitambaa laini, dakika kumi. Ya katikati, kioo cha kawaida, ndiyo isiyofaa kwetu: inakwaruzika na haisuguliki.

Na vumbi halikai usoni tu. Ngoja nikuonyeshe kitu nilichokiona wiki hii. Saa ya dereva wa bodaboda, ya chuma, ya heshima. Nikavuta kile kichwa cha pembeni na kibano, nikakiweka chini ya lenzi. Kwenye shingo yake kulikuwa na pete ya kijivu, tope kavu la jasho na vumbi lililoshindiliwa. Kila alipokizungusha kurekebisha wakati, tope lile lilisaga raba ya ndani kama jiwe la kunolea. Raba imekonda upande mmoja, vumbi limeingia hadi kwenye mashine na kujichanganya na mafuta. Mafuta ya saa ni matone ambayo huyaoni bila lenzi, ukiongeza chembe moja ya mchanga hapo hayalainishi tena, yanakata. Kwa hiyo chagua yenye kichwa cha kukaza kwa kuzungusha, na daraja la kuzuia maji la mita 100, hata kama hujawahi kuingia bwawani. Kinachozuia maji ndicho kinachozuia vumbi. Jioni isugue kwa mswaki laini wenye maji kidogo, kichwa kikiwa kimekazwa, kisha ikaushe.

Mkanda wa maganda ya tufaha sitaupamba. Maganda yamo kweli, unga wake hukaushwa na kuchanganywa, lakini kinachoushika unga huo ni plastiki aina ya poliyurethani juu ya kitambaa. Joto na jasho hulegeza plastiki hiyo, na baada ya muda huanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Waombe wakutumie bila mkanda, na hakikisha upana wa pale mkanda unaposhikia ni milimita 18, 20 au 22, saizi zinazopatikana kila mahali. Wewe unaishi Mpwapwa, mji uliolipa jina lake aina nzima ya ng'ombe. Ngozi ya mkoa huu inasafirishwa kama malighafi halafu inaturudia kama mikanda kwenye boksi za watu. Tafuta fundi viatu anayepata ngozi iliyosindikwa kwa magome, siyo kwa kromiamu. Dawa ya magome ya miwati inatengenezwa Njombe, haitoki ng'ambo. Mpe mkanda wako wa zamani kama kipimo, mwambie unene usizidi milimita mbili na nusu kwenye mizizi, na ashone kwa uzi uliotiwa nta. Ngozi hiyo mwanzoni ni ngumu na ya rangi ya biskuti. Baada ya mwaka mmoja wa jasho lako inakuwa kahawia iliyoiva, na hakuna kiwanda kinachouza rangi hiyo.

Niseme kidogo kuhusu dhahabu, maana wengi huvutwa na toleo lililopakwa dhahabu kwa nyongeza kidogo. Acha. Tabaka lake ni jembamba mno, linatoka kwenye kona ndani ya miaka michache. Halafu dhahabu ina habari zake. Majirani zetu wa Singida wanazijua tangu machimbo ya Sekenke wakati wa Mjerumani, na wachimbaji wadogo bado hukamata dhahabu kwa zebaki, wanaichoma wazi, moshi unaingia vifuani mwao. Tanzania imeingia kwenye Mkataba wa Minamata unaotaka zebaki hiyo iondoke. Mtengenezaji anayezungumzia mazingira na kuuza dhahabu, muulize imetoka mgodi gani. Kama hana jibu, chukua ya chuma.

Kuna jambo moja naliota kila nikisoma habari za mafundi hawa wadogo. Siku hizi wengi wanapenda kuweka uso wa saa wa jiwe, kipande kilichokatwa chembamba kuliko milimita moja. Hapa kwetu Haneti, wilaya ya Chamwino, kuna krisopresi, lile jiwe la kijani cha tufaha bichi ambalo rangi yake hutokana na nikeli. Linachimbwa, linauzwa nje. Mashine ya Kijapani inanunulika, mkanda tunao, jiwe tunalo, vijana wa VETA wanaojua kuchonga chuma wapo. Sijui kwa nini jina Haneti lisikae siku moja chini ya namba sita kwenye uso wa saa, na namba zenyewe zikapangwa kwa saa zetu, saa moja ikawa asubuhi jua linapochomoza badala ya kusoma saba tukatoa sita kichwani. Ukipata saa ya jiwe hilo lakini usiiache dirishani, krisopresi hupauka ikikaa juani muda mrefu.

Forodha usiisahau kwenye hesabu. Bei waliyokutajia ya kufikisha, waulize kwa maandishi kama kodi za hapa zimo. Kwa kawaida hazimo: kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na vinapigwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima. Tunza ankara. Siku utakayoirudisha kwao kwa matengenezo chini ya dhamana utahitaji kuthibitisha kwamba ni ileile iliyotoka, usije kutozwa kama umenunua upya.

Kuhusu kuihudumia: kila baada ya miaka mitano hadi saba ifunguliwe yote, ioshwe, itiwe mafuta. Fundi akikuambia atapitisha petroli na kudondoshea mafuta ya cherehani, chukua saa yako uondoke. Mafuta ya cherehani hutambaa, yanaacha mahali yanapotakiwa na kwenda kwenye ile springi nyembamba kama unywele, mizunguko yake inashikana, na saa inaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Muulize anatumia mafuta gani, mwombe akuonyeshe chupa. Fundi wa kweli hakasiriki, anafurahi kuulizwa.

Sasa Seiko ya baba, ambayo umeiweka mwisho kabisa wa barua. Igeuze. Kwenye kifuniko cha nyuma tafuta namba inayoanza na 7S26. Kama si ya betri, kwa kuwa ilinunuliwa 1999 naamini utaikuta. Karibu nayo kuna namba nyingine ya tarakimu sita: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na kama ni herufi O, N au D ni Oktoba, Novemba au Desemba. Kwa hiyo 98 mwanzoni maana yake iliunganishwa Agosti 1999. Mashine hiyo ya 7S26 ndiyo mama wa NH35, ile niliyokutajia kwamba huenda imo ndani ya saa yako ya Ulaya. Ni damu moja. Vipande vingi vinafanana, na kama ya baba ingekuwa imekufa kabisa, ndugu yake NH36 yenye siku na tarehe huingia kwenye makasha mengi ya aina hiyo kwa kubadilisha kijiti cha pembeni tu.

Lakini sidhani kama imekufa. Saa iliyosimama kabatini tangu 2011 kwa kawaida ina mafuta yaliyokauka na raba zilizogeuka lami, basi. Kuisafisha yote, kuiwekea raba mpya na kioo ni sehemu ndogo sana ya hiyo milioni moja na laki sita. Chuma chake kilishayeyushwa zamani, meli ilishaileta, deni lote la mazingira la kuitengeneza lililipwa wewe ukiwa mtoto. Hakuna karakana duniani inayoweza kukuuzia saa yenye madhara madogo kuliko hiyo.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, Mwalimu, ningeifufua hiyo kwanza na kuivaa mwaka mzima. Akiba yako haiozi. Wale watu wanne waandikie hayo maswali mawili sasa hivi, na majibu yao yatakuambia kama mwakani watastahili pesa yako. Wakijibu kwa jina la mashine, bei za raba na kifuniko cha skrubu, nunua bila wasiwasi, nitaifungua mwenyewe siku ikihitaji.

Ukija mjini na ya baba usiivae njiani, na usiitikise ili ianze. Najua utatamani, kwa kuwa 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono, hutikiswa. Ikianza kutembea ikiwa kavu, vigingi, yaani zile ncha za magurudumu, vinasagika kwenye vito, na kile kilichokuwa kazi ya mafuta kinakuwa kazi ya vipuri. Ifunge kwenye kitambaa kikavu cha pamba, uiweke ndani ya kopo lenye kifuniko na punje chache za mchele mkavu, uje nayo asubuhi kabla upepo haujaanza.